Kocha, ukiandika raundi andika na sahani

Wale waliokuwa Kololo mwezi wa tatu 2017 hawawezi kusahau ile siku. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yamekuja nyumbani Kampala, Joshua Cheptegei yuko mbele peke yake, Wakenya na Waethiopia wote amewaacha nyuma, uwanja mzima umesimama na watu wanapiga kelele hadi sauti zinakauka, alafu raundi ya mwisho miguu ikakataa kabisa. Mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa anakimbia kwa raha tukamwona anayumba, akapitwa na mmoja, akapitwa na wengine, na wengine tena, mpaka akamaliza wa 30. Geoffrey Kamworor wa Kenya akachukua dhahabu. Na kumbuka siku hiyo hiyo Jacob Kiplimo, kijana mdogo tu wa Bukwo, alikuwa ameshashinda mbio ya vijana, kwa hivo furaha na uchungu vilikuja pamoja.

Baada ya hapo maneno yalikuwa mengi. Kuna waliosema presha ya nyumbani, kuna waliosema amerogwa, na kuna waliosema ati kijana hana moyo. Hiyo ya kukosa moyo iliniuma sana na bado inaniuma nikiisikia, manake mtu asiye na moyo hawezi kujisukuma mpaka mwili unazima mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mwili una hesabu zake. Ukienda juu ya spidi unayoweza kuishikilia, na joto la Kampala lipo, misuli inachafuka haraka kuliko damu inavyoweza kuisafisha, joto la ndani linapanda, na ubongo wenyewe unaanza kukata spidi upende usipende.

Miaka miwili tu baadaye, Aarhus kule Denmark, Machi 2019, huyo huyo Cheptegei akawa bingwa wa dunia wa nyika, Kiplimo wa pili, na timu ya Uganda ikabeba dhahabu. Alafu 2020 akaenda Monaco akakimbia mita 5000 kwa 12:35.36, akavunja rekodi ya Kenenisa Bekele iliyokaa miaka 16, na miezi miwili haijaisha akafanya mita 10,000 kwa 26:11.00 pale Valencia. Piga hesabu ya Monaco utaona ni raundi za sekunde 60 na kidogo, moja baada ya ingine, bila haraka ya ajabu mwanzoni. Moyo ni ule ule wa Kololo. Kazi iliyowekwa katikati na jinsi ya kugawa nguvu ndo vilikuwa tofauti.

Mi ni kocha msaidizi wa riadha kwenye sekondari moja huku upande wa Sebei, kwenye miteremko ya mlima Elgon, Kiswahili changu nimekipata utotoni kwenye kota za jeshi Jinja kwa hivo mnivumilie kikikwaruza. Naandika hii kwa makocha wenzangu, walimu wa michezo na wazazi, manake kuna kitu naona kila msimu na kinanisumbua usingizi. Tuna watoto wenye kipaji cha kutosha, tuna mlima, tuna makocha wanaoandika programu nzuri kwenye daftari, raundi ngapi, sekunde ngapi, mapumziko dakika ngapi, alafu kwenye hiyo daftari hakuna mstari hata mmoja unaosema mtoto atakula nini na saa ngapi. Kwangu mimi hiyo programu ni nusu.

Tuanze na mazoezi yenyewe. Watu wengi wanafikiri mazoezi ndo yanaleta nguvu pale pale uwanjani. Hapana. Ukitoka kwenye raundi kumi za mita 400 wewe ni dhaifu kuliko ulivyoingia, nyuzi za misuli zimechanika chanika kidogo, akiba ya wanga imeshuka, mwili umechoka. Nguvu inakuja baadaye, saa zile umelala na umekula, mwili unajenga upya na unaongeza kidogo juu ya ilivyokuwa ili next time usiumie hivo tena. Mwaka 1967 mtafiti mmoja Marekani, John Holloszy, alikimbiza panya kwenye mashine kwa wiki nyingi akakuta vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli yao vimepanda karibu mara mbili. Mitokondria ndo sehemu ndani ya seli zinazotumia oksijeni kutengeneza nishati, na kitu hicho hicho kinatokea kwa binadamu anayekimbia mara kwa mara, pamoja na mishipa midogo ya damu kuongezeka kwenye misuli na moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Lakini vyote hivyo vinajengwa na kitu. Mwili haujengi kwa hewa.

Na hayo mabadiliko mengi yanakuja na mbio za pole pole, hii naisema kila siku na watoto hawanisikii. Ukiangalia wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu, karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni spidi ambayo unaweza kuongea na mwenzako bila kukosa pumzi, na ile sehemu ndogo inayobaki ndo moto kweli kweli. Watoto wetu wanafanya kinyume. Jumatatu wanashindana, Jumanne wanashindana, Jumatano ambayo ni ya kupumzika nayo wanashindana kupanda kilima, ikifika siku ya spidi yenyewe hakuna aliyebaki na mguu. Mtoto ukimwambia nenda pole pole anaona umemdharau mbele ya wenzake. Na sisi makocha tunachangia, tunapenda kuona mtoto anatapika uwanjani tunasema leo amefanya kazi. John Akii-Bua, huyu mzee wetu wa Lango aliyeshinda mita 400 viunzi Munich 1972 kwa 47.82, rekodi ya dunia, tena akikimbia njia ya ndani kabisa ambayo kona yake ni mbaya, ni kweli alifanya mazoezi magumu mno, aliruka viunzi amevaa kizibao cha uzito. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye kocha anayempima. Usichukue ile stori ukampa mtoto wa miaka 15.

Sasa mlima. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kapchorwa mjini ni mita 1,800 na zaidi, na kambi ya taifa ya Teryet iko juu zaidi, karibu 2,500. Watu wanasema huku oksijeni ni kidogo, asilimia yake hewani ni ile ile tu ya kila mahali, kinachopungua ni msukumo wa hewa, kwa hivo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Figo zikisikia hivo zinatoa homoni ya EPO, homoni inaambia uboho tengeneza chembe nyekundu za damu, na chembe nyekundu ndo zinabeba oksijeni. Hapo ndo watu wanasimama wanasema ah basi sisi tumebarikiwa, tumezaliwa huku. Lakini chembe nyekundu inatengenezwa na madini ya chuma! Himoglobini, ile inayoshika oksijeni ndani ya hizo chembe, bila chuma haipo. Kwa hivo unaweza kuishi Teryet mwaka mzima, kama chuma mwilini kimeisha ule mlima haukusaidii, utakuwa unachoka tu kila siku na kocha anasema wewe ni mvivu.

Na hapa nataka kugusa kitu ambacho kitawaudhi wengi, chai. Sisi watu wa huku chai ni maisha, na mi mwenyewe siwezi kuanza siku bila kikombe. Ila chakula chetu cha shule chuma chake kinatoka kwenye maharage na dodo (ule mchicha wetu), na chuma cha mimea mwili unakichukua kwa shida, na majani ya chai yana vitu vinavyokishika hicho chuma tumboni kisipite. Kwa hivo mtoto anayekula maharage na kushushia na chai ile ile saa hiyo amepoteza sehemu kubwa. Kunywa chai yako, lakini ipe saa moja mbali na chakula. Kwenye sahani weka nyanya mbichi, ndimu, au mpe pera au chungwa baada ya kula, vitamini C inafungua njia chuma kiingie vizuri. Pera huku zinaoza chini ya miti. Na wasichana hasa, wanaopoteza damu kila mwezi, nikiwaona pumzi zao zimekuwa fupi na macho yamekuwa meupe kwa ndani, siwaambii ongeza raundi, nawapeleka health centre wapimwe damu kwanza. Wala usiwape vidonge vya chuma kwa kubahatisha, chuma kikizidi nacho kina madhara.

Turudi kwa wanga, manake hapa ndo kuna ushahidi ambao ningependa kila mwalimu mkuu ausikie. Mwaka huo huo wa 1967, kule Sweden, kikundi cha watafiti akiwemo Jonas Bergström kiliwaweka watu kwenye baiskeli za maabara wakazunguka kwa nguvu ile ile mpaka wanashindwa, mara tatu, kila mara baada ya siku kadhaa za chakula tofauti. Wakila mafuta na protini peke yake walidumu wastani wa dakika 57. Wakila chakula cha kawaida cha kuchanganya, dakika 114. Wakila wanga mwingi, dakika 167. Watu ni wale wale! Hakuna mazoezi yaliyoongezwa hapo katikati, hakuna kocha mpya, ni sahani tu. Walichukua na vipande vidogo vya misuli wakaona sababu, ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini. Akiba yote kwa mtu mzima ni kama gramu 400 hadi 500, na ukikimbia kwa nguvu inaanza kukauka baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Mafuta mwilini tunayo mengi hata mkimbiaji mwembamba, ila mwili ukitegemea mafuta spidi inashuka.

Mtoto aliyekula kidogo jana ni sawa na ile taa ya sola iliyoshinda kwenye mawingu, saa moja jioni inawaka vizuri kabisa kama zingine na huwezi kuona tofauti, ikifika saa tatu imezima. Ndo maana anaanza mazoezi vizuri, raundi tatu za kwanza yuko mbele, alafu anapotea. Na sisi tunasema hana stamina.

Nikisema chakula wengi wanafikiri naongelea kuku na mayai na vitu vya hoteli. Hebu tupige hesabu kwa chakula chetu hiki hiki. Chukua mkimbiaji wa kilo 55 ambaye anafanya mazoezi karibu saa moja na nusu kwa siku. Wataalam wa lishe ya michezo wanasema mtu wa kazi kama hiyo anahitaji wanga gramu 6 hadi 10 kwa kila kilo ya mwili, tuchukue 7, inakuja kama gramu 385 kwa siku. Protini ni kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kilo, tuchukue 1.4, ni 77. Sasa unga wa mahindi gramu 300, yaani posho (ugali) ya milo miwili, unampa wanga kama 225 na protini kama 24. Maharage makavu gramu 150 kabla ya kupika yanampa wanga 90 na protini 33. Nusu lita ya maziwa kwenye uji au chai, protini 16 na wanga 24. Ndizi mbivu mbili, wanga 50. Jumlisha yote unafika 389 za wanga na protini karibu 75. Umefika! Bado hujaweka sukari, bado hujaweka karanga, bado dodo na parachichi. Kwa hivo posho na maharage haijawahi kuwa adui wa mwanariadha wa Uganda, na wenzetu wakimbiaji wakubwa wa Kenya waliopimwa chakula chao, karibu robo tatu ya nishati yao ilikuwa wanga, ugali mwingi na chai yenye sukari.

Tatizo ni kipimo na saa. Maharage gramu 150 makavu ukiyapika ni sahani iliyojaa kweli, siyo ule mchuzi unaoweza kuhesabu punje zinazoogelea. Na saa ndo mbaya zaidi. Angalia ratiba ya bweni nyingi, chakula cha jioni saa moja, alafu saa kumi na moja na nusu asubuhi mtoto yuko barabarani anakimbia, anaingia darasani, uji unakuja saa nne na nusu. Hiyo ni zaidi ya saa kumi na tano bila kitu, na katikati kuna mazoezi. Kukimbia pole pole asubuhi tumbo likiwa tupu siyo kosa, wakimbiaji wengi wakubwa hufanya hivo na wanaenda kunywa chai wakirudi. Kosa ni kuweka spidi ngumu hapo, na kosa kubwa zaidi ni mtoto kurudi na kukaa masaa kama manne bila kuweka kitu mdomoni. Zile saa chache baada ya mazoezi misuli inafyonza wanga haraka kuliko wakati mwingine wowote, ndo wakati wa kujaza akiba ya jioni.

Kwetu nilienda kwa mama wa jikoni, siyo kwa ofisi. Nikamwambia, "Mama, naomba uji wa wakimbiaji utoke mapema, hata ukiwa bila maziwa." Akaniangalia akasema, "Mwalimu, hawa watoto wako wanakula kama askari, na leo unataka niamke saa tisa?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba uji wenyewe anaweza kuuweka usiku kwenye ule moto unaobaki wa kuni, asubuhi ni kuupasha tu na kutia sukari. Akakubali, na baadaye akaanza mwenyewe kusaga karanga kidogo anatia ndani bila mimi kuomba. Huyo mama amefanya kazi ya ukocha kuliko wengi wenye filimbi shingoni, na nikisema hivo namaanisha, wiki chache watoto walianza kumaliza raundi za mwisho na mwendo ule ule wa za kwanza.

Protini nayo siyo lazima nyama. Mahindi yana upungufu wa kitu kinaitwa laisini ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe, maharage yanayo kwa wingi, na kile ambacho maharage yana kidogo mahindi yanacho. Ukiyala pamoja siku moja yanakamilishana, wazee wetu waliopika nyoyo, yaani mahindi na maharage kwenye sufuria moja, hawakuwa na maabara lakini walipatia. Ukiweza ongeza mukene, wale dagaa wetu. Mukene naipenda kuliko hata samaki mkubwa, manake unaila nzima na mifupa yake, unapata protini, unapata kalsiamu ya mifupa na chuma ambacho mwili unakichukua kwa urahisi. Mimina vijiko viwili vya mukene ya kusagwa kwenye mchuzi wa karanga, watoto wasiopenda harufu hawatajua.

Alafu kuna kikomando, chapati iliyokatwa katwa ikamwagiwa maharage. Watu wanaidharau ati ni chakula cha wasio na pesa. Kwa mtu aliyetoka kwenye spidi saa kumi na moja jioni na chakula cha jioni ni saa mbili, kikomando pale kwenye kibanda nje ya geti ni kitu kizuri mno, wanga upo, protini ipo, chumvi aliyoitoa kwa jasho ipo, na ukiweka parachichi juu umemaliza. Rolex nayo vile vile, mayai mawili ndani ya chapati. Ningependa mtoto atumie shilingi zake hapo kuliko kwenye soda na biskuti.

Hii inayofuata naomba makocha wanaume wenzangu msome pole pole. Wasichana wetu wanaambiwa punguza kilo uwe mwepesi, wanaambiwa hivo na makocha, na wenzao, na siku hizi na simu. Msichana anaanza kuacha posho, mwezi wa kwanza muda wake unashuka kweli, kila mtu anampigia makofi, alafu hedhi inapotea. Kuna makocha wanafikiri hedhi ikipotea ni dalili ya mazoezi mazuri. Siyo! Ni mwili unazima vitu ambavyo unaona hauna nishati ya kuviendesha, na mifupa inaanza kudhoofika humo humo, ndo unasikia mguu umepasuka bila kuanguka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina mwaka 2014, RED-S, kifupi cha Kiingereza cha upungufu wa nishati kwenye michezo, na wavulana nao inawapata. Msichana ambaye hajaona siku zake miezi mitatu anahitaji kula zaidi, kupunguza mazoezi na kuonana na daktari, na kama wewe kocha unaona aibu kuongea nae tafuta matroni au mwalimu wa kike, lakini isiachwe. Peruth Chemutai alishinda dhahabu ya Tokyo mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa 9:01.45, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, na miaka mitatu baadaye akarudi Paris akachukua fedha. Ile mbio unaruka viunzi 28 vigumu visivyoanguka na dimbwi la maji mara saba. Huwezi kuifanya na mifupa yenye njaa.

Maji nitapita haraka. Ukipoteza asilimia 2 ya uzito wako kwa jasho uwezo unaanza kushuka, kwa mtoto wa kilo 55 hiyo ni kilo moja na kitu tu, na Gulu au Soroti mchana inafika bila kujua. Pima uzito kabla na baada ya mbio ndefu utaona kila mtu jasho lake. Kwenye mbio ya chini ya saa moja maji yanatosha. Ikizidi saa moja na nusu weka sukari na chumvi kidogo. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya London 2012 kwa 2:08:01 siku yenye jua, huko ni zaidi ya saa mbili, na hakuna mtu anafika huko kwa akiba ya mwilini peke yake, kila mmoja ana chupa zake mezani njiani.

Usingizi ndo vita yangu na shule. Kijana wa miaka hiyo anahitaji saa 8 hadi 10. Wetu wanalala saa nne na nusu usiku, kengele ya preps, ile ya kujisomea kabla ya darasa, ni saa kumi alfajiri. Homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi kwenye usingizi mzito, na ile kazi yote ya kujenga misuli niliyosema pale juu inafanyika humo. Siwezi kubadilisha kengele ya shule, nilichoweza ni kuomba wakimbiaji walale saa nzima mchana Jumamosi na Jumapili badala ya kutumwa kufyeka, na kuweka mbio ya asubuhi siku chache kuliko zamani. Muda wa watoto haukuharibika kwa kukimbia mara chache. Ulikuwa bora zaidi.

Kuhusu maunga ya kwenye makopo yanayouzwa kwenye jimu za Kampala na kwenye simu, ushauri wangu ni uyaache. Hesabu tumeshapiga, protini inapatikana kwenye sufuria. Na makopo mengine yana vitu ambavyo havijaandikwa kwenye lebo, na sheria za kupambana na dawa zinasema chochote kinachopatikana mwilini mwako ni juu yako, hata kama uliambiwa ni vitamini. Kijana wa kijijini akifungiwa kwa kopo alilopewa na rafiki hakuna atakayemsikiliza.

Mwisho siku ya mashindano, manake hapo ndo kazi ya miezi inaharibika kwa asubuhi moja. Usiku wa kabla ni posho au wali na mchuzi mwepesi, maharage punguza kama tumbo la mtoto linajaa gesi. Asubuhi, masaa matatu kabla ya mbio, mkate au muwogo, chai yenye sukari, ndizi. Hakuna kitu kipya siku hiyo, hata kama ni kizuri, tumbo la mtoto linajua alichozoea. Kama kuna mchujo asubuhi na fainali mchana, lazima kitu kiingie katikati, ndizi mbili, mkate, juisi, ndani ya nusu saa baada ya mchujo, usisubiri lanchi ya pamoja manake hiyo lanchi huwa inafika saa tisa wakati fainali zimeshaitwa. Beba mwenyewe. Ndoo yenye mfuniko ya ndizi na mandazi haichukui nafasi kwenye lori, na jerikeni moja ya maji ya kuchemsha. Na kabla ya kupanda lori kurudi wape tena, wakiwemo walioshindwa, manake Jumatatu kuna mazoezi na misuli yao haijui nani alipata medali. Wa mita 5000 wahesabiwe kwanza, wao huku kwetu ndo hukimbia jioni kabisa na dereva huwa tayari amewasha gari.